Mgongo wa Kaisa

Halkola, Michigan
9 Septemba 1978

Lempi,

Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuitia barua motoni. Isome kwanza, moto haukimbii.

Mimi mzima, isipokuwa goti. Lakini sikuandikii kwa ajili ya goti. Nakuandikia kwa ajili ya Kaisa, binti wa mdogo wako Reino. Ametimiza miaka kumi na mitatu mwezi wa sita na amerefuka ghafla, kampita mama yake. Jumamosi tulikuwa sauna, mimi na yeye. Aliinama kuteka maji ya kumwagia mawe ya moto yatoe mvuke, nikauona mgongo wake. Pale juu, kati ya mabega, umejikunja kama mpini wa kikapu. Nikamwambia, "Hebu lala kifudifudi hapo kwenye ubao." Akalala. Mgongo haukunyooka, Lempi. Ulibaki vilevile.

Reino anasema ni urefu tu, eti msichana anaona haya kuwapita wavulana ndiyo maana anajikunja. Kila tukila anamwambia, "Kaisa, simama wima, umedondosha nini huko chini?" Daktari wa hapa alimpiga picha ya eksirei, akasema akikua utaisha. Reino akaridhika.

Nasikia kwa watu wa kanisani kwamba wewe ndiye unayetengeneza viunzi vya chuma vya kunyooshea migongo katika hospitali kubwa huko Minneapolis. Nakuomba umwingize kwa daktari wenu. Reino hajui kama nimekuandikia. Daktari wa hapa hataki kupingwa na Reino hataki kubembelezwa, lakini wewe akikusikia atakuja. Wewe ni dada yake na unaijua kazi hiyo.

Martta Oikarinen


Minneapolis
15 Septemba 1978

Bi Martta,

Sikuitia motoni. Nimeisoma nimesimama karakanani, mkononi nina koleo, na nimecheka mpaka Harlan, fundi mwenzangu, akauliza kuna nini. Nikamwambia nimepata barua kutoka kwa mama wa kambo. Akasema, "Hongera." Hajui anachokisema.

Kwa hiyo umejifunza kumlaza mtoto kifudifudi. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Mgongo wa uvivu ukilazwa hunyooka, mgongo mgonjwa haunyooki. Mimi nililala kifudifudi mbele ya macho yako kila Jumamosi kwa miaka mitano, juu ya ubao huohuo. Hukuona?

Au dawa yako umeisahau? Basi nikukumbushe. Unachukua mpini wa ufagio, unaupitisha nyuma ya mgongo wa mtoto, unaubana kwa viwiko vyake, unafunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Anatembea nao kutoka zizini hadi jikoni. Akilia unamwambia, "Ng'ombe halii akifungwa nira, wewe mvivu ndiye unayelia?" Watoto wa shule wakipita barabarani wakaita "Ngamia! Ngamia!", unasimama mlangoni na kucheka nao. Mtumie Kaisa ufagio. Kwa nini unahangaika na hospitali?

Nina miaka arobaini na sita. Mgongo wangu umepinda nyuzi themanini na moja. Nikikutana na mtu naona viatu vyake kwanza, uso baadaye. Natengeneza viunzi kwa ajili ya watoto wa wenzangu, na hakuna hata kimoja kitakachonifaa mimi, kwa sababu mifupa yangu ilikwisha kukomaa zamani.

Nina swali moja. Mwaka ule wa 1945, daktari wa kliniki ya mgodi alikuandikia kuhusu mgongo wangu, au hakukuandikia? Nijibu hilo, ndipo tuzungumze habari za Kaisa.

Lempi Oikarinen


Halkola
22 Septemba 1978

Lempi,

Hakuandika. Vita vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, posta ilikuwa ovyo, na baridi ya mwaka ule unaikumbuka mwenyewe. Ningepata barua ya daktari ningekaa kimya? Nilikuwa mkali, sikatai. Tulilelewa hivyo, tukalea hivyo.

Picha ya eksirei ya Kaisa nimeitoa kabatini kwa Reino walipokuwa wamekwenda sokoni. Nimeiviringisha ndani ya gazeti, utaipata pamoja na barua hii. Tafadhali itazame wewe mwenye ujuzi.

Martta


Minneapolis
30 Septemba 1978

Bi Martta,

Picha nimeipata, nimeiweka kwenye taa. Pingili tatu za uti wa mgongo zimebonyea upande wa mbele, zimekuwa kama kabari za kupasulia magogo. Zikipangwa moja juu ya nyingine, mgongo utafanya nini kama si kuinama? Si aibu, si wavulana, si uvivu. Nimepima, ni nyuzi hamsini na nane.

Angali anakua, kwa hiyo anatibika. Akivaa kiunzi saa ishirini na tatu kwa siku, uzito unaondoka upande wa mbele wa zile pingili na mfupa unapata nafasi ya kujaza. Pamoja na mazoezi, mwaka mmoja na nusu, labda miwili, anatoka na mgongo ambao hakuna atakayeugeukia mara mbili. Akiachwa mpaka mifupa ikomae, basi tena. Nakueleza yote haya ili ujue vizuri ni kitu gani ninachokunyima.

Maana umenidanganya. Kliniki ya mgodi ilipofungwa niliomba faili langu. Ninalo hapa. Daktari alikuandikia tarehe 12 Novemba 1945. Akakuandikia tena tarehe 8 Januari. Mara ya tatu, tarehe 3 Machi 1946, alituma kwa rejista, na kile kipande cha kupokelea kilirudi kikiwa na sahihi yako. Herufi ya M yenye mkia, ileile iliyo kwenye barua hizi. Barua zote tatu zinasema jambo moja: mlete mtoto, afungwe plasta ngumu ya kumnyoosha mgongo, angali anakua.

Faili hili ninalo kwa miaka minane. Sikulitumia kwa sababu sikuwa na kitu unachokitaka. Sasa ninacho.

Sharti langu ni hili. Jumapili moja, wakiwa mezani Reino, mkewe Joanne na Kaisa, utasimama useme ulizifanyia nini barua zile tatu. Kisha utakwenda kanisani, kwenye kahawa ya baada ya ibada, useme tena mbele ya wale wanawake walioniona nikipita na ufagio chini ya koti. Ukimaliza, nitampigia Reino simu siku hiyohiyo.

Lempi


Halkola
14 Oktoba 1978

Lempi,

Nilizichoma. Mbili za kwanza nilizichoma kwenye jiko la sauna. Ya tatu niliiweka wiki nzima ndani ya mfuko wa aproni, halafu nikaichoma nayo.

Unataka sababu? Baba yako alikuwa kitandani, mguu umesagwa na gari la mawe mgodini. Reino alikuwa na miaka mitatu. Ng'ombe kumi na mmoja. Daktari aliandika "miezi minane katika plasta, amelala." Nikahesabu mikono iliyobaki nyumbani, nikakuta ni yangu na yako. Nikajiambia daktari anakuza mambo. Nikajiambia ni uvivu. Ukijiambia jambo kila siku mwishowe unaliamini, na ufagio ulikuwa wa kunisaidia mimi kuamini.

Na lingine sitalificha, maana umeshanivua nguo. Baba yako akikutazama alikuwa anamwona mama yako. Mimi akinitazama alikuwa anaona mtu wa kukamua ng'ombe. Ulipoanza kupinda, sehemu fulani ya moyo wangu haikusikitika.

Haya, nimekwambia. Wewe ndiye niliyekukosea, na wewe ndiye niliyekwambia. Haitoshi? Reino akijua atanitoa nyumbani mwake, nami sina mtoto mwingine. Mtibu mtoto, Lempi. Mimi nichukie mpaka nife, sitakuzuia.

Martta


Minneapolis
21 Oktoba 1978

Bi Martta,

Haitoshi. Hukuninyoosha mgongo faraghani. Ulinifunga ufagio mbele ya watu.

Mezani, kisha kanisani.

Lempi


Halkola
9 Desemba 1978

Lempi,

Nimejaribu njia nyingine. Nilimwambia Reino ampeleke Kaisa kwa daktari wa mjini Marquette. Akasema, "Mama, mbona unamtia mtoto ugonjwa mdomoni? Ameshapimwa." Joanne naye akasema mimi ni mzee na napenda kuona mabaya.

Kaisa anaumwa sasa. Akikaa darasani mpaka mchana anarudi na maumivu kati ya mabega, analala sakafuni kabla hata hajavua buti. Nilimwambia kuna shangazi yake atakayemsaidia. Kila siku ananiuliza, "Amejibu?" Namwambia una kazi nyingi.

Nimesimama mezani mara mbili. Mara mbili nimesema, "Nani anataka kahawa zaidi?" nikakaa.

Nakuomba.

Martta


(Kadi ya Krismasi, imepigwa muhuri wa posta Minneapolis, 18 Desemba 1978. Nje kuna picha ya mti wenye theluji. Ndani hakuna salamu wala jina, kuna neno moja tu kwa kalamu ya wino:)

Mezani.


Halkola
3 Februari 1979

Shangazi Lempi,

Shikamoo. Hatujawahi kuonana, mimi ni Kaisa wa Reino. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha kwa Bibi. Sikusoma kilichokuwa ndani, naapa, niliona anwani tu.

Bibi aliniambia tangu mwezi wa tisa kwamba wewe ni fundi wa migongo na kwamba utaniita, ila una wagonjwa wengi. Nilisubiri. Nilifikiri labda kuna foleni na jina langu limeandikwa mahali. Nataka kujua, limeandikwa? Kama niko chini sana nitasubiri, sina haraka ya kuwaruka walio wagonjwa zaidi. Lakini kama halimo naomba uniambie, ili niache kwenda kuangalia sanduku la barua.

Shuleni wananiita Kobe. Mimi mwenyewe nilicheka mwanzoni. Gauni langu la kwaya limepanda nyuma na kushuka mbele, Mama amelishona upya mara mbili. Naumwa nikikaa. Baba ananiambia nisimame wima na mimi nasimama wima, Shangazi, hapo ndipo mwisho wangu. Yeye anafikiri sijajaribu.

Bibi hulia sauna akidhani mvuke unanizuia kumwona. Kuna mtu amekufa?

Samahani kwa kukusumbua.

Kaisa Oikarinen


Minneapolis
6 Februari 1979

Kaisa,

Jina lako limeandikwa. Halikuwa chini. Ni mimi niliyelikalia.

Daktari Brandvold atakuona Jumatatu tarehe 19, saa tatu asubuhi. Baba yako nimempigia simu leo na amekubali kukuleta. Alikuwa na hasira kwamba hakuambiwa mapema, ana haki. Mwambie mama yako alete fulana nyembamba za pamba, sita, zisizo na mshono ubavuni.

Nakuamini kwamba unasimama wima.

Shangazi yako,
Lempi


Minneapolis
25 Februari 1979

Mdogo wangu Reino,

Mlipokuwa hapa niliongea habari za kiunzi tu, jinsi ya kukaza, jinsi ya kuosha ngozi chini ya mkanda. Uliniangalia ukiwa unataka kuuliza jambo, nami nikajifanya natafuta bisibisi. Sasa nakuandikia. Nakuomba uisome barua hii mezani, kwa sauti, Joanne na Kaisa wakiwepo. Mama yako pia.

Daktari Brandvold alipopima picha mpya alikuta nyuzi sitini na sita. Akauliza kama kuna picha ya zamani ya kulinganisha. Ulisema ilipotea kabatini. Haikupotea, Reino. Ilikuwa ndani ya droo yangu tangu Septemba. Nilikuwa nimeshaipima mwenyewe: hamsini na nane. Mlipokwisha kuondoka nilimpelekea. Akaitazama, akatazama tarehe, akaniuliza, "Nani alikuwa na hii?" Nikasema ni mimi. Nimefanya naye kazi miaka kumi na saba na siku hiyo aliondoka bila kuniaga.

Nyuzi nane. Zimeingia mgongoni kwa mtoto wakati mimi nasubiri mama yako apige magoti. Alinikosea nilipokuwa na umri wa Kaisa. Kosa lenyewe ni lake kusema, si langu, nami sitalisema hapa. Nilitaka kumlipiza. Nilikuwa na haki ya kumlipiza, hata leo nasema hivyo, na sijamsamehe. Lakini nilipotafuta fimbo ya kumpigia nikamwokota binti yako. Nilijua anaumwa. Niliandikiwa kwamba anaumwa. Nikatuma kadi.

Mimi ndiye mtu anayejua kuliko wote katika ukoo wetu miezi mitano ina thamani gani kwa mfupa wa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Kaisa, kiunzi kitafanya kazi. Daktari anasema bado kuna miaka miwili ya kukua. Lakini hutarudi pale ambapo ungefika kama ningekuita Septemba, na nataka ujue hivyo kutoka kwangu mwenyewe, usije ukaikuta ndani ya faili.

Dada yako,
Lempi


Halkola
11 Machi 1979

Lempi,

Reino aliisoma mezani kama ulivyotaka. Alipofika kwenye "kosa ni lake kusema" akaiweka chini, akanigeukia. Nilisimama kabla hajauliza, mara hii sikutaja kahawa.

Nilisema yote. Barua, jiko, ufagio, ng'ombe, baba yako. Joanne alianza kulia. Reino akasema, "Mama, nilikuwa namwona Dada na ule ufagio. Nilidhani ni mchezo." Akatoka akaenda kupasua kuni, na kuni zilikuwa zimejaa tayari.

Hakunifukuza. Amenihamishia kwenye nyumba ndogo ya nyuma, pale alipokaa babu yake. Ananiletea maziwa, anayaweka mlangoni, anagonga, anaondoka. Kaisa haruhusiwi kuja sauna nami.

Kanisani sijasema na sitasema. Wale wanawake walikuona kwa macho yao wakanyamaza miaka yote. Siwadai wala hawanidai. Kama hilo linakuharibia furaha yako, samahani.

Umepata ulichokitaka, karibu chote. Nilikuwa nikingoja kukuchukia baada ya hapo. Lakini Reino alipokuwa akisoma, nilisikia kwamba nawe umepiga hesabu kama yangu, na mtoto akawa ndiye aliyelipa. Nilikuwa nikidhani ni mimi tu duniani ninayejua usingizi wa mtu wa namna hiyo unavyokuwa.

Usinijibu.

Martta


Halkola
9 Juni 1979

Shangazi Lempi,

Umeniandikia barua nne na sikujibu hata moja. Nilikuwa nimekasirika. Bado nimekasirika, lakini skrubu ya kushoto imelegea na Baba anaikaza vibaya, kwa hiyo naandika.

Kwanza habari za chuma. Wiki tatu za mwanzo sikulala. Pete ya shingoni inanifanya niangalie mbele nipende nisipende, na chakula siwezi kukiona, nakula kwa kukisia. Ile pedi ya mgongoni iliniunguza ngozi, nikapaka spiriti kama ulivyosema, sasa imekuwa ngumu. Navua saa moja tu kwa siku, naoga, nafanya mazoezi, narudi kifungoni. Kuna mvulana aliniuliza antena yangu inashika stesheni gani. Nikamwambia inashika wajinga tu, na leo sauti iko safi sana. Hakuna anayeniita Kobe tena.

Picha ya mwezi wa tano, nikiwa ndani ya chuma, ilionyesha nyuzi hamsini na moja. Daktari Brandvold alisema vizuri sana. Nilimuuliza ingekuwa ngapi kama ningeanza Septemba. Alisema hapendi kukisia. Basi nimekisia mwenyewe.

Nimefikiri sana kuhusu wewe na Bibi. Baba anasema nimsamehe nani na nani ni shauri langu, yeye hataingilia. Mama anasema Biblia inasema tusamehe. Mimi nasema mgongo ni wangu, na bado sijawasamehe, hata mmoja wenu. Bibi alijua akanyamaza kwa sababu aliogopa. Wewe ulijua ukanyamaza kwa sababu ulifurahi. Sijaamua lipi baya zaidi. Nitaamua siku nitakayovua chuma hiki mara ya mwisho, na daktari anasema ni kama miezi kumi na minane. Mpaka siku hiyo msiniulize.

Lakini adhabu nimeshaipanga. Tarehe 2 Julai nakuja kurekebishiwa kiunzi. Nimemwambia Baba sitapanda gari bila Bibi. Alibisha siku mbili, halafu akachoka. Bibi mwenyewe amesema hawezi kuja, nikamwambia, "Utakuja, Bibi, au nitakivua chuma hiki mbele yako nikitupe ziwani." Anakuja.

Wewe usijifiche karakanani. Mtengenezaji mwingine anaweza kukaza skrubu. Yule Harlan ana mikono mizuri. Utavua aproni yako ya kazi, utakaa kwenye lile benchi la nje ya mlango wa daktari, na Bibi atakaa karibu nawe. Hamtasoma magazeti. Mimi nitakaa upande wa pili nikiwatazama, na mnajua siwezi kugeuza shingo hata nikitaka.

Mtakaa hapo wawili mpaka jina langu liitwe. Na daktari wenu, nimeshaona, huchelewa sana.

Kaisa Oikarinen